Fedha za Mfuko wa Elimu Zinamfuata Nani?

Hotuba kwa mkutano wa wazazi wanaozungumza Kiswahili, Portland, Oregon

Bwana asifiwe. Assalaam alaykum. Mwaramutse. Wazee wangu wa Kongo na Burundi, shikamooni. Mama zangu mliotoka zamu ya usiku mkaja moja kwa moja hapa kabla hamjalala, Mungu awalipe. Ndugu zangu wa Kenya, Tanzania na Rwanda, na nyinyi vijana mliokubali kukaa na watoto chumba cha pili ili wazazi wasikilize, asanteni sana.

Nimeombwa nizungumzie mfuko wa elimu, yaani shirika linalokusanya michango ya hiari kusaidia shule za umma. Kila mwaka shule zikifunguliwa, barua zake zinafika nyumbani ndani ya begi la mtoto, na barua hizo zimetutatiza. Wapo waliodhani ni ada, wakakopa wakalipa. Wapo waliodhani ni ya matapeli, wakaichana. Na wengi wameiweka juu ya friji pamoja na barua za bima mpaka mwaka ukaisha. Niseme mapema: barua ile si ya ada. Shule ya umma hapa haidai minerval, ile ada ya shule, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchangia mfuko. Lakini kuichana ni hasara, maana nyuma yake kuna fedha ambazo watoto wetu wana haki nazo sawa na watoto wengine, na mpaka leo haziwafikii vya kutosha.

Mwalimu wa hesabu, basi la njano, chakula cha mchana, umeme, mshahara wa mkuu wa shule, vyote hivyo vinalipwa na kodi. Hapa Oregon sehemu kubwa inatoka kwenye kodi ya mapato, ileile mnayoiona imekatwa kwenye karatasi ya mshahara. Kisha kuna kodi ya majengo, kisha kiasi kidogo kutoka serikali kuu. Hata aliyepanga chumba kimoja anachangia kodi ya majengo, kwa sababu mwenye nyumba ameshaiingiza kwenye pango. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mwanao anasoma kwa hisani ya watu. Anasoma kwa jasho lako.

Kodi ikishalipa hayo, kinabaki kidogo sana kwa mambo ambayo mtoto ndiyo anayoyakumbuka akiwa mtu mzima. Fidla ya kujifunzia. Klabu ya roboti. Mchezo wa kuigiza. Safari ya kwenda OMSI, lile jumba la sayansi kando ya mto Willamette, ambako mtoto anashika vitu kwa mikono yake. Vitabu vya maktaba vyenye watu wanaofanana naye. Mwalimu anayebaki baada ya kengele kufundisha mdahalo. Haya yanaitwa ya ziada, na bajeti ikibana ndiyo yanayokatwa kwanza, kwa sababu hakuna mtihani wa serikali unaoyauliza.

Mji huu umeyapitia. Novemba 1990 wapiga kura wa Oregon walipitisha Measure 5, pendekezo la sheria lililopigiwa kura na wananchi, lililoweka ukomo kwamba kodi ya majengo kwa ajili ya shule isizidi dola 5 kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba. Ukomo huo uliingizwa hatua kwa hatua kwa miaka mitano. Jimbo likalazimika kubeba mzigo ambao zamani ulibebwa na mji wenyewe, na kila uchumi ulipoyumba mzigo ukaanguka. Walimu wa muziki, walimu wa sanaa na wakutubi walianza kutoweka shuleni. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 wakazi wakaanzisha mfuko, wakauita Portland Public Schools Foundation, na baadaye ukabadilishwa jina ukawa All Hands Raised. Mwaka 1996 watu kwa maelfu waliandamana barabarani kutetea shule, na mamilioni ya dola yakachangwa kuokoa kazi za walimu.

Sisi hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Ni shule ngapi za sekondari Kenya zimejengwa kwa harambee? Upareni na Tanga watu wanaitana msaragambo. Kongo kuna salongo, Burundi ikibiri. Wengi mliokaa kwenye viti hivi mmebeba mawe na maji ya kujengea madarasa ambayo watoto wenu hawakuwahi kuyasomea, kwa kuwa vita viliwahi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa kwamba kuchangia shule ni mila ya Wazungu.

Sasa utendaji wake. Mfuko wa elimu ni shirika lisilo la faida, lililosajiliwa peke yake, mbali na wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo. Una bodi yake ya watu wanaojitolea, na wengi wa watu hao ni wazazi, wafanyabiashara na walimu wastaafu. Unapokea michango ya watu, ya kampuni na ya mashirika makubwa ya ufadhili. Anayechangia anaweza kuutaja mchango huo kwenye hesabu zake za kodi, na kampuni nyingi kubwa zina utaratibu wa kuongezea: mfanyakazi akitoa dola 50, mwajiri naye anatoa 50. Hapa nawasemesha nyinyi mnaofanya kazi kwenye maghala na viwanda vya kampuni kubwa. Ulizeni ofisi ya wafanyakazi kama utaratibu huo upo kwenu, maana wengi wetu tunachangia bila kuongezewa, na fedha za mwajiri zinabaki hukohuko.

Fedha zikishaingia, sehemu kubwa hutolewa kama ruzuku ndogondogo. Kwa kawaida mwalimu anaandika ombi fupi: nataka kufanya jambo hili, na watoto hawa, litagharimu kiasi hiki. Kamati inakaa, inasoma maombi, inachagua. Ni fedha chache ukizilinganisha na bajeti nzima ya wilaya. Lakini zina sifa moja ambayo bajeti kubwa haina, kwamba zinaweza kumfikia mwalimu mmoja mwenye wazo zuri kabla wazo halijapoa.

Naomba msikilize sana hapa, ndipo lilipo jambo lililonileta.

Fedha za jimbo zina kanuni. Oregon inahesabu watoto wote wa wilaya na kuigawia wilaya fedha kwa hesabu hiyo, lakini watoto hawahesabiwi sawa. Mtoto wa kawaida ni mmoja. Mtoto anayejifunza Kiingereza anahesabiwa mmoja na nusu. Mtoto wa familia maskini anaongezewa robo. Maana yake ni kwamba mwanao aliyefika jana kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, asiyejua hata salamu ya Kiingereza, anapoingia mlango wa shule anaongeza fedha za wilaya kuliko mtoto wa daktari aliyezaliwa hapa. Walioitunga kanuni hiyo walitumia akili na walikuwa na utu. Fedha ya umma inamfuata mtoto mwenye uhitaji.

Fedha ya mfuko haina kanuni hiyo. Inamfuata mzazi mwenye nafasi ya kwenda mkutanoni, anayejua barua pepe ya mkuu wa shule, mwenye mwajiri wa kuongezea, asiyeogopa kusimama na kusema. Hakuna aliyekaa akapanga kuwanyima watoto wetu. Ndivyo mchango wa hiari ulivyo popote duniani. Wakenya waliopo hapa ni mashahidi: harambee ilifanya kazi kubwa baada ya uhuru, lakini palipokuwa na kahawa, chai na watu wenye kazi za serikali, shule zilipata maabara mapema, na kule kwenye ukame watu waliochanga kwa moyo uleule walibaki na darasa la mabati.

Portland iliona hatari hiyo mapema, na naipongeza. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa hivi: kamati ya shule ikichangisha fedha za kulipa wafanyakazi, dola 10,000 za kwanza zinabaki shuleni, na zikizidi hapo, theluthi moja ya kila dola inakwenda kwenye mfuko wa pamoja wa kusaidia shule zenye watoto wengi wa familia za kipato cha chini. Tupige hesabu. Shule ya mtaa wa matajiri imechangisha dola 100,000. Toa 10,000, zimebaki 90,000. Theluthi yake ni 30,000, zinakwenda kwa shule nyingine. Shule yao inabaki na 70,000. Mtu anaweza kusema 30,000 ni ukarimu, na ni kweli, wengi walitoa kwa moyo mweupe. Lakini zile 70,000 zilimweka mwalimu wa ziada mahali ambapo watoto tayari walikuwa na kila kitu, na 30,000 ziligawanywa kwa shule nyingi, kila moja ikapata kidogo. Mwisho wa mwaka pengo lilikuwa palepale.

Ndiyo maana naiunga mkono njia ya mfuko mmoja wa wilaya nzima. Santa Monica na Malibu kule California bodi yao iliamua mwaka 2011 kwamba michango ya kulipa wafanyakazi na programu ipitie mfuko mmoja, igawiwe shule zote. Wazazi wa Malibu walilalamika sana, bodi ikashikilia. Palo Alto nao walikwisha kuweka kanuni ya namna hiyo miaka ya 2000. Hapa Portland vilevile bodi ya shule imeamua kuachana na utaratibu wa shule mojamoja kulipia walimu kwa michango yake, na mchango uelekee kwenye mfuko wa wilaya. Wapo wanaosema watu hawatatoa tena kama fedha haibaki kwenye shule ya mtoto wao. Huenda wengine watapunguza kweli. Mimi nasema afadhali dola chache zinazomfikia mtoto anayezihitaji kuliko dola nyingi zinazozunguka mtaa mmoja. Na sisi, tunaonufaika na uamuzi huo, tumekuwa kimya mno. Bodi inapokutana wanaopinga wanajaa ukumbini. Wanaounga mkono wako kazini au hawajui kama kuna mkutano.

Kuna jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue vizuri, nalo ni Outdoor School, ile wiki ambayo mtoto wa darasa la tano au la sita anakwenda kulala porini na wenzake. Tangu 1966 watoto wa kaunti hii ya Multnomah wamekuwa wakipelekwa kambini msituni kujifunza udongo, maji, mimea na wanyama. Wanachimba ardhi waone tabaka zake. Wanapima maji ya kijito. Wanaoongoza makundi ni wanafunzi wa sekondari waliojitolea, kila mmoja ana jina la kambini, na kila mtoto anavaa shingoni kipande cha mti chenye jina lake na shanga. Waulizeni watu waliokulia Portland, wenye miaka hamsini sasa, watawaambia majina yao ya kambini kama wanavyotaja majina ya babu zao.

Bajeti zilipobana, wiki ile ilianza kukatwa. Siku zikapunguzwa. Ikafika mahali wilaya zikawa zinajiuliza kama iendelee kabisa. Wananchi waliounda kundi la Friends of Outdoor School, yaani shirika lisilo la faida la aina hiyohiyo ninayoizungumzia, walichangisha, wakaishikilia isife. Walijua hata hivyo kwamba michango haiwezi kuwapeleka watoto wote wa jimbo. Wakafanya kampeni, na Novemba 2016 wapiga kura wa Oregon wakapitisha Measure 99, inayotenga sehemu ya mapato ya bahati nasibu ya jimbo kwa ajili ya Outdoor School. Leo mtoto wa mkulima wa mashariki ya Oregon na mtoto wa mkimbizi aliyepanga karibu na 122nd Avenue, mashariki ya Portland, wote wamewekewa wiki hiyo kwa fedha za umma.

Hivi ndivyo ninavyoupima mfuko wa elimu. Je, unashikilia jambo jema mpaka umma ulichukue, au unalifanya kuwa mali ya wachache? Waliofanya kazi ya Outdoor School hawakuridhika na watoto wao kwenda. Walitaka wote waende, na walikwenda kwenye sanduku la kura kulitafuta hilo.

Na nini kinatokea kwetu? Fomu ya ruhusa inakuja, tunakataa kusaini. Naelewa kwa nini. Mtu aliyelala msituni na watoto akikimbia bunduki hawezi kuisoma barua ile kama anavyoisoma jirani yake Mmarekani. Kwake msitu ni mahali alipomzika mtu. Halafu anaambiwa ampe mtoto wake wa miaka kumi na moja, tena binti, alale huko na watu asiowajua. Hakuna mwalimu mwenye haki ya kumwona mzazi huyo kuwa mshamba. Lakini mzazi naye anayo haki ya kuuliza, na hatuulizi. Wasichana wanalala wapi, wavulana wapi? Nani mtu mzima anayebaki nao usiku? Chakula ni halali? Mtoto wa Kiislamu ataswali wapi? Nikitaka kuzungumza naye nitampigia nani? Je, naweza kuja kupaona kabla? Haya ni maswali ya kawaida kabisa na shule inatakiwa kuyajibu. Na yajibiwe kwa Kiswahili, kwani sheria ya haki za kiraia ya nchi hii, ile ya 1964, inailazimu shule inayopokea fedha za serikali kuu kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Si fadhila. Ukiambiwa mtoto wako ndiye atakayekutafsiria, kataa kwa heshima, omba mkalimani.

Ukiuliza ukaridhika, mpe ruhusa mtoto. Nawaomba sana. Mtoto anayebaki darasani peke yake wiki ile wakati wenzake wote wamekwenda anajifunza somo ambalo hakuna aliyelipanga: kwamba mambo mazuri ya shule ni ya wengine.

Nipitie haraka kodi ya sanaa, kwa sababu imewaletea wengi wenu barua za deni. Novemba 2012 wapiga kura wa jiji la Portland walikubali kila mkazi mwenye kipato wa miaka 18 na zaidi alipe dola 35 kwa mwaka ili shule za msingi zipate walimu wa sanaa na muziki, mwalimu mmoja kwa kila watoto 500. Inazihusu wilaya zote sita za shule zinazogusa jiji hili, ikiwemo David Douglas, Parkrose, Reynolds na Centennial ambako wengi wetu tunaishi. Mwalimu wa muziki anayemfundisha mwanao kuimba huenda analipwa na fedha hizo. Familia iliyo chini ya kiwango cha umaskini haidaiwi. Lakini msamaha hauji wenyewe, ni lazima ujaze fomu na kuomba, tena kila mwaka. Usipojaza, jiji linakuhesabu unadaiwa. Mwenye barua ya namna hiyo asiitupe, tuonane baada ya kikao.

Na hilo la wilaya naomba lieleweke, maana linatuchanganya. Kuishi Portland si lazima mtoto wako awe chini ya wilaya ya Portland Public Schools. Ukivuka 82nd Avenue ukazidi kwenda mashariki, unaingia wilaya nyingine, na mfuko wa wilaya moja haulipii watoto wa wilaya ya pili. Wengi wetu pango la nyumba limetusukuma hukohuko mashariki, ambako biashara kubwa za kuchangia ni chache na wazazi wengi wana kazi mbili. Kwa hiyo ukisikia mfuko mkubwa wa mjini umechangisha fedha nyingi, usidhani moja kwa moja kwamba zinafika kwa mwanao. Uliza shule yako iko wilaya gani, na wilaya hiyo ina mfuko gani.

Pale mfuko usipofika, kuna programu ya SUN, iliyoanza 1999 kwa ushirikiano wa kaunti, jiji na wilaya za shule. Shule yenye SUN ina mtu anayeratibu shughuli za baada ya masomo: msaada wa kazi za nyumbani, michezo, sanaa, mara nyingine hata chakula cha familia. Jina la huyo mratibu ulijue kama unavyolijua la daktari wako. Nafasi zake zinajaa upesi kila msimu, na anayejiandikisha siku ya kwanza ndiye anayepata.

Sasa tufanye nini sisi?

La kwanza ni la watu wachache, lakini ndilo ninalolitaka kuliko yote: tuingie kwenye kamati. Kamati zinazosoma maombi ya ruzuku zinatafuta watu wa kujitolea, na kazi si nyingi kiasi cha kumshinda mtu. Huhitaji shahada wala Kiingereza cha redio. Unahitaji kujua watoto wanaishije. Nitoe mfano. Ombi linasema klabu ya roboti itakutana saa kumi jioni na mzazi atamfuata mtoto saa kumi na mbili. Asiyetujua ataona ni mpango mzuri na ataupitisha. Mmoja wetu akiwepo atauliza: mtoto ambaye mama yake anaingia zamu saa tisa atarudije nyumbani? Kwa swali hilo moja nauli inaingizwa kwenye ombi, na watoto kumi wa kwetu wanapata nafasi. Sijaona njia ya kupata hilo kwa kukaa nyumbani na kulalamika.

La pili, zungumzeni na walimu. Ruzuku inaombwa na mwalimu, na mwalimu anaomba anachokijua. Kama hajui kwamba watoto thelathini shuleni kwake wanazungumza Kiswahili nyumbani, hataomba vitabu vya Kiswahili kwa ajili ya maktaba. Kama hajui kwamba kuna baba wa Kiburundi anayepiga ngoma, hataomba fedha za kumwalika. Ngoma za Burundi zimo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika tangu 2014, na sisi tunao watu wanaozijua hapahapa, wanaendesha malori na kusafisha ofisi. Mwambieni mwalimu. Fedha za mfuko zinaweza kumlipa mzee huyo kama msanii mgeni, alipwe kama anavyolipwa mwalimu wa fidla, asiambiwe aje bure kwenye siku ya tamaduni kupamba sherehe.

Vijana wetu wa sekondari nao wasikae pembeni. Outdoor School inawahitaji viongozi wa wanafunzi, na kazi hiyo ya kujitolea inaandikwa kwenye maombi ya chuo. Fikiria mtoto wa darasa la sita, aliyefika nchi hii mwaka jana, anashuka kwenye basi huko msituni na kiongozi wake anamwambia, "Karibu, mdogo wangu." Yule mama aliyekataa kusaini angesaini.

Kuhusu kutoa fedha, sitamlazimisha mtu. Najua mnatuma nyumbani kila mwezi, najua kuna misiba, kuna ndugu kambini wanaosubiri. Anayeweza dola 5 atoe 5, aandikwe jina. Mifuko hii inapoomba fedha kwa mashirika makubwa huulizwa ni familia ngapi za shule zinachangia, na familia inayotoa dola 5 inahesabiwa familia moja sawa na ile iliyotoa 5,000. Asiyeweza kabisa asione haya. Muda wake kwenye kamati ni mchango.

Kwa wale mliokwisha kuapishwa kuwa raia, kura. Mfuko hauwezi kulipia shule, na mfuko wowote unaojifanya unaweza unawadanganya watu. Tozo ya wilaya ya Portland ya dola 1.99 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa kodi, ambayo inalipa walimu wengi, inarudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka kadhaa, na ilipita tena Mei 2024. Uchaguzi wa Mei huwa na watu wachache, ndiyo maana kura ya mtu mmoja ndani yake ni nzito. Karatasi ya kura inaletwa nyumbani kwa posta. Huhitaji kuomba ruhusa kazini wala kupanga foleni, unajaza mezani, unatia sahihi, unarudisha. Na wajumbe wa bodi ya shule wanachaguliwa mwezi huohuo wa Mei, miaka ya witiri. Hao ndio wanaoamua kama fedha ya mfuko itagawanywa kwa wote au itabaki mtaa mmoja.

Mezani pale nyuma kuna karatasi tatu. Ya njano ni ya majina ya wanaotaka kuingia kamati, andika na wilaya ya shule ya mtoto wako. Ya bluu ni maswali ya Outdoor School kwa Kiswahili na Kiingereza, ichukue umpelekee mwalimu kabla ya kukataa au kukubali. Nyeupe ni fomu ya msamaha wa kodi ya sanaa. Anayesoma Kiingereza akae na mwenzake asiyesoma, tuzijaze sasa hivi. Chakula kitasubiri, kinamama wamekifunika.